Chali

Asubuhi ya kwanza nilisimama ukingoni
kama mtu anayedaiwa.
Nje, Ostrava, theluji imekwisha kushika rangi ya makaa.
Ndani, maji ya buluu, harufu ya klorini,
na bibi mmoja mwenye kofia ya waridi
anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi,
kama cherehani isiyoishiwa uzi.

Miaka ishirini na tisa nimeinama.
Dari la mgodi halikuwahi kunyanyuka kwa heshima ya mtu.
Ulilipigia magoti, ukala chini yake, ukakohoa chini yake,
na jioni lifti ilipokurudisha juu
mwili ulitoka, mgongo ukabaki kulekule
umekunjwa kama koti la msahaulifu.

Daktari alizipachika picha zangu kwenye mwanga.
"Pingili hizi mbili, Bwana Vavrečka, zimechoka kugombana."
Nikasema, nipe vidonge.
Akasema, vidonge umekwisha kula. Nenda ukaogelee.
Taratibu. Si mashindano.

Sikumwambia kwamba sijui.
Sikumwambia kwamba maji, kwetu sisi, yalikuwa habari mbaya:
tone moja ukutani, tone la pili,
na wote tunanyamaza, tunausikiliza mlima.

Lakini maji ukiyavulia nguo, ndiyo hayo.
Nami nilikwisha kuvua: tumbo nje, makovu nje,
na kaptura mpya ya kuogelea
yenye kibandiko cha bei bado kinaning'inia.

Kofia ya waridi ikasimama kando yangu.
Drahomíra, akasema, mwalimu wa hesabu
miaka yote ile niliyokuwa nachimba.
"Lala."
"Wapi?"
"Hapohapo ulipo. Chali."
Akaweka kiganja chini ya kiuno changu,
kiganja kidogo, kama cha anayempima mtoto homa.

Nikameza nusu ya bwawa.
Mguu mmoja ulielekea Polandi, mwingine Slovakia.
"Mfa maji ndiye haachi kutapatapa," akanikemea,
"na wewe hujafa. Tulia."

Nikatulia.
Masikio yakazama, dunia ikazimwa.
Nikausikia moyo wangu ukifanya kazi peke yake,
zamu ya usiku.
Nikaliona dari, dari! mbali huko juu,
la vioo, na juu ya vioo theluji inashuka,
wala hakuna aliyelitegemeza kwa magogo.
Na mgongo,
punda niliyempakia kila kitu,
akasimama katikati ya njia, akatikisa masikio,
akagundua hana mzigo.

Sijui kiganja kiliondoka lini.

Sikupona. Nisiwadanganye.
Kwenye kituo cha tramu maumivu yalikuwa yananingoja,
yamevaa skafu, yananiita kwa jina.
Ila siku hiyo yalichelewa kidogo kupanda.
Jumanne yakachelewa zaidi.
Mwezi wa pili nikapewa ubao wa povu,
wa tatu nikalivuka bwawa lote
nikipiga miguu kama mtoto anayekataa kulala,
huku kijana mwokoaji akipiga miayo kwa adabu.

Jana ufunguo wa kabati uliniponyoka.
Ukaanguka kwenye vigae, ting.
Zamani ningesimama nikiutazama
kama mtu aliyeangusha pete kisimani,
nikingoja apite mwenye umri wa kuinama.
Jana nilikunja magoti, nikashuka,
nikauokota,
nikapanda tena juu bila lifti.

Drahomíra alikuwa anakamua nywele zake.
Aliona. Hakupiga makofi.
"Kesho," akasema, "uje njia ya tatu.
Hii ya pili ni ya wagonjwa."